Sayansi na Sanaa Darasani: Funzo la Degedege

Katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania, mwanafunzi achukuaye masomo ya sayansi huhesabiwa kuwa ameziaga historia na fasihi. Taaluma ya afya haikubali mgawanyo huo. Kilosa, mkoani Morogoro, kuna chuo cha maafisa tabibu. Mikumi, wilaya hiyohiyo, kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Katika mazingira hayo, mwanafunzi apendaye pande zote mbili huona kila upande ukifanya kazi yake.

Mfano ulio wazi ni degedege. Somo la fiziolojia hufundisha kwamba katika malaria kali, chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata ndani ya mishipa midogo ya ubongo, na sukari ya damu huweza kushuka. Mwili wa mtoto hukakamaa, hutikisika, na fahamu hupotea. Somo la lugha na utamaduni huongeza kwamba jina degedege hufungamanishwa na dege, kiumbe arukaye ambaye katika simulizi za mwambao husadikiwa kumdhuru mtoto. Mzazi mwenye imani hiyo huweza kuanzia kwa mganga, huku saa zikiyoyoma.

Elimu ya jamii nayo ina nafasi yake. Kwa jadi, Wakaguru na Wasagara wa Kilosa huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo mjomba huweza kuwa na kauli nzito juu ya mtoto. Kwa Wamaasai waishio wilayani humo, ukoo hufuata baba. Mwanafunzi aliyejifunza hayo hujua kumwuliza mama mapema ni nani ashirikishwe katika uamuzi.

Ndipo ulipo utamu wa masomo hayo: swali lililozuka katika darasa moja hupata jibu katika jingine. Kipimo huonyesha kinachomuua mtoto. Simulizi huonyesha kinachomchelewesha.

Mhudumu na asikilize maelezo ya mzazi pasipo kejeli, kisha aeleze ugonjwa. Mzazi naye amlaze mtoto kwa ubavu, asimtie chochote kinywani, na amfikishe kituoni mara moja hata kama degedege imekoma. Si kila degedege ni malaria. Kipimo ndicho kitakachobainisha.