Toka Kolwezi Mpaka Lubumbashi: Ndege Inapita Kilometa Ngapi?

Hapa kwetu Kasaji, mtu akiuliza Kolwezi ni mbali namna gani, tunamujibu kwa siku: kama mvua inanyesha, kama treni iko, kama lori halikukwama. Piloti hawezi kujibu vile. Anapaswa kujua kilometa mbele ya kuwasha masini, kwa kuwa kule juu hakuna fasi ya kusimama na kuomba esansi.

Barabara toka Kolwezi mpaka Lubumbashi, kwa njia ya Likasi, ni karibu kilometa 300. Ndege haizunguki, inakata moja kwa moja. Basi ni ngapi? Kijana wa sekondari anaweza kutafuta na kalamu tu.

Kiwanja cha Kolwezi kiko kusini ya Ikweta digri 10 na dakika 46, na mashariki digri 25 na dakika 30. Luano, kiwanja cha Lubumbashi, ni kusini digri 11 na dakika 35, mashariki digri 27 na dakika 32. Dakika hizi si za saa. Digri moja ina dakika 60, na kila dakika ya kwenda kusini ni maili moja ya bahari, ndiyo metre 1 852.

Tutoe sasa. Kwenda kusini ni 49. Kwenda mashariki ni 122, lakini mistari ile inakaribiana kadiri unavyoacha Ikweta. Huku kwetu tunazidisha kwa 0,98, inabaki karibu 120. Halafu Pythagore ya darasani: 49 mara 49 ni 2 401, 120 mara 120 ni 14 400, jumla 16 801. Namba gani ukiizidisha na yenyewe inaleta hiyo? Karibu 130. Maili 130 ndizo kilometa 240. (Kwa safari ya mbali kama Bruxelles, hesabu hii haitoshi, sababu dunia ni mviringo.)

Faida gani? Ndege ndogo ya mwendo wa maili 130 kwa saa inafika kwa saa moja. Upepo wa maili 30 ukiipinga usoni, ni saa moja na dakika 18. Kama inakunywa litri 60 kwa saa, inadai litri 18 zaidi, tena na akiba ya angalau dakika 30. Na litri 100 za esansi ya ndege zina kilo karibu 72: uzito wa mtu mzima! Kwa hiyo piloti akikataa kumupandisha mjomba pamoja na mgonjwa, tusiseme ana roho mbaya. Esansi na mjomba wanagombania fasi moja, na mgonjwa lazima afike.

Bwana Yesu alifundisha juu ya mtu anayekaa kwanza kuhesabu gharama mbele ya kujenga mnara (Luka 14). Wazazi, mtoto akifanya hesabu usiku, musimuzimie taa.

Vijana, hii ni yenu: mji wa Kasaji uko karibu digri 10 na dakika 22 kusini, digri 23 na dakika 27 mashariki. Tafuteni mpaka Kolwezi. Mukipata karibu kilometa 228, mumeshinda.