Fahamu: Ukirekodi gemu, video ibanwe na prosesa au na kadi ya picha?

Goli limeingia, lakini ukifungua rekodi mpira unaruka-ruka na kipa ameganda hewani. Vijana wanaocheza gemu za mpira kwenye kompyuta Kahama, Shinyanga mjini au Geita wanaijua adha hii. Mara nyingi chanzo ni kazi ya kubana video.

Kwa nini ibanwe?
Picha ya 1920 kwa 1080, fremu 60 kwa sekunde, ikiachwa ghafi hufikia takribani megabaiti 370 kila sekunde. Diski hujaa kwa dakika chache.

Njia ya programu
x264, programu ya kubana video iliyomo ndani ya OBS Studio ya kurekodi skrini, hutumia prosesa. Ikipewa muda, hutoa picha safi bila kukuza faili. Ila prosesa hiyohiyo inaendesha gemu. Ikielemewa, vyote viwili hukwama.

Njia ya maunzi
Sakiti maalumu ndani ya chipu ya picha hubeba kazi hiyo. Intel ilileta Quick Sync mwaka 2011, NVIDIA ikaleta NVENC 2012. Gemu haitetereki, ingawa chipu za zamani huacha miraba-miraba kwenye nyasi na umati wa mashabiki.

Uchague ipi?
Kwa laptop ya mtumba, rekodi kwa maunzi. Ukitaka kubana upya video iliyokwisha kurekodiwa, tumia x264, mashine ifanye kazi usiku ukiwa umelala. Kumbuka: megabiti 6 kwa sekunde ni gigabaiti 2.7 kwa saa. Pigia bando hesabu kabla ya kupakia YouTube.