Mwanafunzi Tunayemsomesha: Uongozi Wake Huanzia Wapi?

Kila mwaka, vyuo vinapokaribia kufunguliwa, kamati nyingi za parokia hukaa kujadili jambo lile lile: nani asaidiwe ada, na asaidiwe kwa kiasi gani. Hapa Mshangano, kama ilivyo katika kata nyingine za Manispaa ya Songea, fedha hiyo haipatikani kwa urahisi. Sehemu yake hutoka katika gunia la mahindi lililouzwa, sehemu katika michango ya jumuiya, na sehemu kwa wafadhili ambao hawajawahi kumwona kijana mwenyewe. Kwa hiyo ni haki kabisa waumini na wafadhili kuuliza: tukimsomesha kijana huyu, tutapata mtu wa namna gani?

Kwa kawaida jibu hutafutwa katika vitu viwili, yaani matokeo ya mitihani na barua ya utambulisho. Vyote ni muhimu, lakini havitoshi. Matokeo yanaonyesha anachokijua. Barua inaonyesha alivyokuwa alipokuwa nyumbani, chini ya macho ya wazazi na viongozi wa jumuiya. Hakuna hata kimoja kinachoeleza atafanya nini akiwa peke yake mjini, mwenye fedha mfukoni na asiye na mtu wa kumuuliza. Hapo ndipo tunapofikia suala la tunu za msingi za mtu, na namna zinavyomkuza kuwa kiongozi.

TUNU NI NINI HASA?

Tunu ni kitu cha thamani. Tunu za msingi za mtu ni yale mambo anayoyathamini kiasi kwamba huongoza uamuzi wake, awe anaonekana au haonekani. Watu wengi hudhani tunu ni orodha: ukweli, bidii, huruma, uwajibikaji. Lakini orodha ya namna hiyo mwanafunzi yeyote anaweza kuiandika kwa dakika tano, hasa akijua kuwa kamati ndiyo itakayoisoma.

Tunapendekeza kipimo kingine kilicho rahisi. Tunu ni jambo ambalo mtu yuko tayari kulilipia. Anayesema anapenda ukweli, lakini hajawahi kupoteza chochote kwa kusema ukweli, bado hajajipima. Anayesema anawapenda wadogo zake, tumtazame siku ambayo kuwapenda kutamgharimu.

Chuoni nafasi za kujipima ni nyingi, na karibu zote ni ndogo. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanza kazi mwaka 2005, wanafunzi wengi hupokea fedha ya kujikimu, ambayo wao wenyewe huiita bumu. Wiki ya kwanza baada ya bumu kuingia humwonyesha mtu alivyo kuliko barua yoyote. Kuna anayenunua nguo na viatu, kisha akamaliza muhula kwa kukopa chakula. Kuna anayegawa fedha yake kwa wiki, na akabakiza kidogo. Upo pia mtihani wa kusaini jina la mwenzako ambaye hakuhudhuria kipindi. Upo mtihani wa kunakili kazi ya mwingine, jambo ambalo wanafunzi huliita kudesa. Anayekataa hulipa kwa kuchekwa au kwa kupata alama pungufu. Malipo ni madogo, lakini ndiyo yanayomzoesha mtu kulipa makubwa baadaye.

MIFANO YA WATU TUNAOWAFAHAMU

Tuanze nyumbani. Mzee Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika Wilaya ya Songea ya wakati ule. Alisoma mpaka Shule ya Sekondari ya Serikali ya Tabora, na akapata nafasi ya kuendelea na masomo Makerere. Nafasi hiyo wakati ule ilikuwa adimu sana kwa kijana wa Tanganyika. Yeye aliiacha, akaenda kufanya kazi ya ukarani ili wadogo zake nao wasome. Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hatusemi kuwa vijana waache chuo. Tunasema kwamba kabla Kawawa hajaongoza wafanyakazi wala serikali, alikuwa tayari amebeba mzigo wa watu wengine, na mzigo huo ulimgharimu kitu alichokipenda.

Mfano wa pili ni wa mtu aliyekwenda chuo. Julius Nyerere alikuwa Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akisomea ualimu. Alikuwa ametoka katika nyumba ya chifu mwenye wake wengi, na mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Akiwa mwanafunzi aliandika insha ya kutetea uhuru wa wanawake, akitumia hoja za mwandishi Mwingereza John Stuart Mill kuyatazama maisha ya jamii yake mwenyewe. Si jambo jepesi kwa kijana kuandika kwamba utaratibu uliomlea una kasoro. Lakini aliyaona maisha ya mama yake, na hakutaka elimu imfanye ayasahau.

Hukohuko chuoni, pamoja na wenzake akiwemo Andrew Tibandebage, alianzisha tawi la Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA. Lilikuwa kundi dogo la wanafunzi, lisilo na fedha wala madaraka. Baadaye akawa katibu wa tawi la Tabora huku akifundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's. Aliporudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952 alifundisha Pugu, na mwaka 1953 akachaguliwa kuwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Mwaka 1955 alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, naye akaacha mshahara wa uhakika wakati ana familia changa.

Ndugu msomaji, tazama mpangilio wa hatua hizo: insha, tawi la wanafunzi, ukatibu wa tawi la mji, kisha taifa. Kila hatua ilikuwa kubwa kidogo kuliko ile iliyotangulia, na gharama yake pia iliongezeka. Ndiyo maana ya kukua katika uongozi. Mtu hakurupuki siku moja akawa kiongozi kwa sababu amevaa joho la mahafali.

FUNDISHO LA MWAKA 1966

Upo mfano mwingine ambao kamati na wafadhili tunapaswa kuutafakari, kwa sababu unatugusa sisi tunaotoa fedha. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu waende Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili. Sehemu kubwa ya muda huo wangefanya kazi zao za kawaida kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, pamoja na wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga. Baadhi yao walibeba mabango yaliyosema kuwa ukoloni ulikuwa afadhali. Rais Nyerere aliwafukuza chuo karibu wanafunzi 400 na kuwarudisha makwao. Wengi wao waliruhusiwa kurejea masomoni baadaye.

Watu wengi hukumbuka kufukuzwa huko tu. Husahau kwamba wanafunzi walikuwa wamesema pia jambo la kweli: viongozi waliowataka wajinyime walikuwa wakilipwa mishahara minono. Nyerere aliisikia hoja hiyo, na palepale akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha liliweka masharti ya uongozi, yakiwazuia viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha.

Hapa pana mafundisho mawili. La kwanza ni kwa mwanafunzi: elimu iliyolipiwa na wakulima ina deni, na deni hilo si la fedha peke yake. La pili ni kwetu: hatuwezi kumdai kijana tunu ambazo sisi wenyewe hatuzilipii. Kamati isiyosoma mapato na matumizi mbele ya waumini haiwezi kumfundisha mwanafunzi uwajibikaji, hata ikimwandikia barua ndefu namna gani.

UONGOZI HUJIFUNZWA KWA KAZI

Mkoa wetu una ushahidi wake katika jambo hili. Mwaka 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji cha Litowa, Songea. Mwanzo ulikuwa mgumu, lakini walishikilia. Vijiji vingine vilifuata mfano huo na kuungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mambo yalijadiliwa na kuamuliwa katika mikutano ya wanakijiji wenyewe, na watoto wa shule ya Litowa walijifunza darasani na shambani pia. Chama hicho kilipigwa marufuku mwaka 1969. Hata hivyo, kilionyesha kwamba vijana wasio na vyeo wanaweza kujifunza kuongoza kwa kulima, kuhesabu, kukosoana na kuamua pamoja.

KAMATI NA WAFADHILI WAFANYE NINI?

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo manne ambayo parokia yoyote inaweza kuyatekeleza bila gharama kubwa.

1. Taarifa ya mwanafunzi isiishie kwenye alama. Kila muhula aulizwe maswali matatu: Ni kitu gani ulikikataa au ulikitoa kwa sababu ya unachokiamini? Ni kazi gani ulikabidhiwa na wenzako, na ulitoa hesabu kwa nani? Ni jambo gani lilikushinda? Majibu mafupi yanatosha.

2. Wakati wa likizo apewe kazi halisi yenye hesabu. Atunze daftari la michango ya jumuiya, apime na kuandika mahindi yanayoingia ghalani, au awafundishe hisabati wanafunzi wa sekondari wa kigango. Akikabidhi kazi, hesabu isomwe mbele ya watu. Asipewe kiti cha mbele na kipaza sauti tu kwa kuwa ni msomi.

3. Apatiwe mlezi mmoja, mwanamume au mwanamke anayeheshimika, ambaye si ndugu yake wala si mweka hazina wa kamati. Kazi ya mlezi ni kusikiliza na kumuuliza bila kumtisha. Kwa mabinti jambo hili ni la lazima zaidi, kwani wapo wanaokutana na vishawishi na usumbufu ambao hawawezi kuueleza kwenye kikao cha wazee kumi.

4. Ukweli usiadhibiwe. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mwanafunzi aliyepata sapu, yaani aliyetakiwa kurudia mtihani wa somo, mara nyingi huficha kwa kuogopa kukatiwa msaada. Huandika barua nzuri ya shukrani kwa mfadhili, akiambatanisha picha, huku moyoni ana hofu. Mwaka unaofuata anadisko, anaondolewa chuo, na kamati ndiyo ya mwisho kujua. Tukiwa wakali kwa kila habari mbaya, tunamlipa kijana kwa kusema uongo, na uongo huo ataubeba hadi ofisini. Utaratibu uwe wazi tangu mwanzo: anayeeleza tatizo mapema atasaidiwa kupanga namna ya kujirekebisha. Anayeficha ndiye atakayejadiliwa.

Kwa ndugu zetu wafadhili tunaongeza neno moja. Msiombe habari njema tu. Mkipokea barua inayosema "nimefeli somo moja, na huu ndio mpango wangu", ijibuni haraka na kwa upole. Huenda barua hiyo imemgharimu mwandishi wake kuliko barua zote za shukrani mlizowahi kupokea.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Miaka mitatu au minne ya chuo ndiyo muda ambao kijana bado anakunjika, na ndiyo muda ambao wengi wetu humwacha peke yake tukidhani ada inatosha. Tunaziomba kamati zote zipitie mapendekezo haya katika kikao kijacho, kabla majina ya mwaka huu hayajapitishwa. Zianze na swali la kwanza, na wajumbe wenyewe walijibu kwanza.