Lisbon na Berlin: Vivutio ambavyo msafiri wa pwani ya Cabo Delgado asivipite

Msafiri kutoka Macaloe, au kisiwa kingine chochote cha funguvisiwa la Quirimbas kaskazini mwa Msumbiji, akifika Lisbon hupelekwa kwanza wanakopelekwa wageni wote: Belém, kando ya mto Tagus. Hupigwa picha mbele ya mnara, hula vile vikeki vidogo vya mayai na maziwa, kisha hurudishwa mjini. Ni matembezi mazuri, lakini huweza kumalizika bila mgeni kujua kwamba baadhi ya vitu vinavyotazamwa katika miji ya Ulaya vilitoka katika pwani yake mwenyewe.

Aanzie hapohapo Belém, katika kanisa la Mosteiro dos Jerónimos. Karibu na mlango limewekwa kaburi la Vasco da Gama. Mwanzoni mwa Aprili 1498, merikebu zake zilipita katika visiwa vya Quirimbas zikielekea Mombasa na Malindi. Rubani aliyechukuliwa kisiwa cha Msumbiji alisema kwamba visiwa vilivyoonekana mbele ni bara. Gama alipogundua kuwa si kweli, aliamuru apigwe mijeledi, na kisiwa hicho Wareno wakakiita kisiwa cha aliyechapwa. Jina la kisiwa liliandikwa katika kumbukumbu za safari. Jina la rubani halikuandikwa.

Dhahabu ya Kilwa

Kutoka Belém, tramu namba 15 inayorudi mjini hupita chini ya mtaa wa Janelas Verdes, lilipo Jumba la Taifa la Sanaa za Kale. Humo huhifadhiwa chombo cha ibada cha dhahabu kiitwacho Custódia de Belém, kilichotengenezwa kwa ajili ya kuonyeshea Ekaristi. Kazi yake ni ya ajabu: mitume 12 wamepiga magoti wakikizunguka, na kila mmoja ana sura yake. Fundi wake, Gil Vicente, alikimaliza mwaka 1506.

Dhahabu yenyewe ilitoka Kilwa. Mwaka 1502 Gama alirudi na kundi kubwa la merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa, Amiri Ibrahim, kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Kodi hiyo ilihesabiwa kwa mithkali, kipimo cha dhahabu kilichotumiwa na wafanyabiashara Waislamu. Dhahabu ya Kilwa nayo ilitoka Sofala, katika Msumbiji ya leo, ikisafirishwa kaskazini kwa vyombo vya pwani. Anayekitazama chombo hicho akiwa na noti za Msumbiji mfukoni ana jambo jingine la kufikiri: jina la fedha hiyo, metical, limetokana na neno hilohilo la mithkali.

Kwa watu wa pwani hii, jambo hilo si la starehe tu. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, wengi wamehama bila kuchukua chochote, wakiacha nyuma misikiti na makaburi ya wazee wao. Kumbukumbu zilizo ugenini hazilipi hasara hiyo, ila zinathibitisha kwamba pwani ilikuwa na watawala, mabaharia na biashara yake kabla ya merikebu za Gama.

Tahadhari za njiani ni chache. Makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa Jumatatu, na mengine hufungwa kwa miezi kadhaa yakifanyiwa ukarabati, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kununua tikiti. Tramu namba 28 hupendwa na watalii, na vilevile na wezi wa mifukoni. Anayetafuta mahali pa kusali ataukuta Msikiti Mkuu karibu na Praça de Espanha. Ulifunguliwa mwaka 1985, na miongoni mwa waasisi wa jumuiya yake walikuwamo watu waliotoka Msumbiji.

Mifupa ya Tendaguru

Viza ya Schengen iliyompeleka Ureno humruhusu pia kuingia Ujerumani, mradi asipitishe siku 90 katika kipindi cha siku 180. Ombi hupelekwa kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Ada ya mtu mzima ni euro 90, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Uingereza huhitaji viza yake peke yake.

Mjini Berlin, katika jumba la makumbusho la elimu ya viumbe, amesimama mnyama wa kale mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, kaskazini magharibi mwa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandarini, safari ya siku kadhaa. Ni miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji, na eneo hilohilo lilikuwa limeonja njaa yake. Wageni wengi hutazama juu kwenye kichwa cha mnyama. Picha za wachimbaji na wapagazi nazo zinastahili dakika zake.

Akiwa na saa moja ya ziada, apande treni ya chini ya ardhi ya U6 hadi Afrikanische Straße. Karibu na hapo kuna barabara iliyopewa jina kwa heshima ya mkoloni Carl Peters. Tangu Agosti 2024 sehemu yake moja inaitwa Maji-Maji-Allee.