‘Ndaa’ na ‘ndia’ si makosa ya tahajia

Mwanachuo aliyelelewa Likoni akiandika katika insha ya historia kwamba wasafiri ‘walishikwa na ndaa ndiani’, je, mhadhiri amkate alama? Wengi hukata, tena mara mbili. Hata hivyo, ‘ndaa’, ‘ndia’, ‘mtele’ na ‘mato’ ni maumbo ya Kimvita yenye utaratibu wake: penye ‘nj’ ya Kiunguja katika maneno hayo pana ‘nd’, na penye ‘ch’ pana ‘t’. Kinaya ni kwamba uamuzi wa kukifanya Kiunguja msingi wa Kiswahili sanifu ulifikiwa mwaka wa 1928 papa hapa Mombasa!

Sisemi usanifu upuuzwe. Somo likiwa Kiswahili sanifu, kata. Ila mwanafunzi aambiwe mapema, na mwongozo wa usahihishaji utenge alama za hoja na za lugha. Kosa linalojirudia lihesabiwe mara moja, jinsi lilivyo kosa la hijai katika insha za KCSE. Kwenye historia au uchumi, hoja ikieleweka ituzwe alama zake zote; ‘ndaa’ ipigie mstari, uandike ‘njaa’ pembeni.