Hazina na Kumbusho: Maelezo juu ya Oriel Ynys Môn

Katika kisiwa kilichoko kaskazini-magharibi ya Welisi, ambacho Waingereza hukiita Anglesey na wenyeji hukiita Ynys Môn, liko jumba la maonyesho liitwalo Oriel Ynys Môn. Lilifunguliwa mwaka 1991 karibu na mji wa Llangefni, na humo picha za wachoraji na vitu vya historia ya kisiwa hukaa chini ya paa moja. Makala hii yakusudia kueleza kazi hasa ya jumba la namna hiyo. Nayo yafaa ianze na maneno.

Kiwelisi huita makumbusho amgueddfa. Neno hilo limeundwa kwa amguedd, yaani hazina, na tamati -fa ionyeshayo mahali. Kwa tamati hiyo hiyo, arddangos, yaani kuonyesha, huzaa arddangosfa, maonyesho. Neno letu makumbusho halitaji hazina wala mahali. Latokana na kumbusha, kauli ya kutendesha ya kumbuka, nalo lataka awepo mwenye kukumbushwa.

Tofauti hii yaonekana katika mambo yenyewe. Mwaka 1942, katika kazi ya kutengeneza uwanja wa ndege za vita huko Valley, vyuma vya kale vilichimbuliwa katika kinamasi cha Llyn Cerrig Bach. Mnyororo mmoja ulitumiwa kuvutia magari yaliyokwama matopeni, nao haukukatika. Baadaye ilijulikana kuwa ni mnyororo wa kufungia mateka shingoni, wenye umri wa miaka 2,000 hivi. Vitu hivyo, vilivyozidi 150, vilipata makao katika Makumbusho ya Taifa, Cardiff. Hazina ilihama, ziwa, na watu waishio kando yake, walibaki.

Mambo ya Charles Tunnicliffe yalikwenda kinyume. Mchoraji huyu Mwingereza aliishi Malltraeth, kisiwani humo, tangu 1947 hata alipofariki 1979, akichora ndege wa pwani na kuwapima kwa uangalifu mkubwa. Baraza la kisiwa lilinunua mkusanyiko wake usije ukatawanyika, na haja ya kuuhifadhi ilikuwa mojawapo ya sababu za kujengwa jumba hili. Mwaka 2008 likaongezwa ukumbi wa Kyffin Williams, mzaliwa wa Llangefni, aliyechora milima na wakulima kwa rangi nzito iliyopakwa kwa kisu. Mtazamaji wa hapo aweza kutoka nje akawaona ndege wale wale, na milima ile ile ng'ambo ya mlango wa bahari.

Lakini kitu hakisemi peke yake. Husema kwa maandishi yaliyo kando yake. Kwa hesabu ya watu ya 2021, wasemao Kiwelisi kisiwani ni 55.8 katika kila 100, hali Welisi nzima ni 17.8 tu. Sheria ya 1993 iliagiza kuwa lugha mbili zitendewe sawa katika kazi za umma, na ile ya 2011 ikakipa Kiwelisi cheo cha lugha rasmi. Kwa hiyo maelezo ya lugha mbili si pambo la ukutani. Palipo na lugha ya wageni tu, mwenyeji huonyeshwa hazina; palipo na lugha yake pia, hukumbushwa. Hapo ndipo amgueddfa huwa makumbusho kwa maana tuijuayo sisi.