Lisbon: duka kongwe, tao refu na dhahabu ya Kilwa

Anayependa kuhesabu ghorofa aende London au Frankfurt, maana Lisbon itamchosha bure. Rekodi za mji mkuu huu wa Ureno ni za umri, za udogo na za ukaidi, na nyingi unazifikia kwa miguu au kwa tramu. Hata mahali ulipo ni rekodi: katika Ulaya bara hakuna mji mkuu ulio magharibi zaidi ya huu. Wikendi ndefu moja inautosha, mradi ujue kipi cha kutangulia na kipi cha kuachana nacho.

Wapenda maduka waanzie Chiado, mtaa wa watanashati. Katika barabara ya Rua Garrett lipo duka la vitabu la Bertrand, lililoanzishwa mwaka 1732, na Guinness inalitambua kuwa duka la vitabu kongwe kuliko yote duniani ambalo bado linafanya biashara. Wapo wanaobisha. Mji wa Bethlehem, Pennsylvania, kule Marekani, una duka lake la mwaka 1745, na watetezi wake husema kwamba la Lisbon lilikatizwa na kuhamahama. Ni kweli lilihama: tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliuangusha mji karibu wote, wenyewe wakauza vitabu kwingineko, na hapa Rua Garrett wamekuwapo tangu 1773. Mimi nawapa Wareno ushindi. Duka lililoangukiwa na mji na bado likafungua milango lina haki ya kujisifu. Ndani, chumba kimoja kinakuingiza kingine, kila kimoja kina jina la mwandishi, na mwisho kabisa kuna mkahawa. Ukinunua kitabu, waombe wakigonge mhuri unaothibitisha kilikonunuliwa. Zawadi ya namna hiyo inampendeza msomaji yeyote, na haichukui nafasi kwenye begi.

Teremka kidogo hadi Rua do Carmo ukaone kinyume chake. Luvaria Ulisses imekuwa ikiuza glavu, na glavu tu, tangu 1925, katika kiduka ambacho wateja wawili wakiingia kimejaa. Wengine husubiri nje barabarani. Muuzaji anakuwekea kimto juu ya kaunta uegemeze kiwiko, anazipanua glavu kwa koleo la mbao, kisha anakuvisha mwenyewe, kidole baada ya kidole. Sijui glavu za ngozi utazivaa wapi ukirudi Dar es Salaam, lakini huduma hiyo peke yake inafaa kutazamwa.

Jirani hapo inasimama lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, mita 45 kwenda juu, na chini yake foleni ambayo ingestahili rekodi yake yenyewe. Usijipange. Panda kwa miguu hadi uwanja wa Carmo, upite pembeni mwa magofu ya kanisa, utatokea kule kule juu bila kulipa. Kuhusu vile vibehewa maarufu vya kupandia vilima, uliza kwanza kama vinafanya kazi: tarehe 3 Septemba 2025 kile cha Glória kilikatika waya na kuua watu 16.

Rekodi ninayoipenda kuliko zote wageni wengi huipita kwa gari bila kuitazama. Lisbon ilikuwa na kiu kwa karne nyingi. Mto Tejo uko mbele yake, lakini karibu na bahari maji yake ni ya chumvi. Mwaka 1731 mfalme João wa Tano akaamuru maji yaletwe kutoka vyanzo vya mbali kwa mfereji wa mawe. Fedha hazikutoka mfukoni mwake: wananchi walitozwa kodi kwenye nyama, divai na mafuta ya zeituni. Maji yalifika mjini 1748. Penye bonde la Alcântara mfereji unavuka juu ya matao 35, na lililo kubwa kuliko yote lina kimo cha mita 65. Linatajwa kuwa tao la mawe lenye ncha lililo refu zaidi duniani. Miaka saba baadaye likaja tetemeko lile. Makasri na makanisa yakalala chini, matao yakabaki wima.

Juu yake kuna njia ya waenda kwa miguu, nayo ina habari zake. Karibu na mwaka 1840 jambazi mmoja, Diogo Alves, alisifika kwa kuwaibia wapita njia hapo na kuwatupa bondeni. Alinyongwa 1841, na kichwa chake kimehifadhiwa ndani ya mtungi wa kioo kwenye kitivo cha udaktari cha chuo kikuu cha Lisbon. Siku hizi sehemu hiyo ya mfereji iko chini ya Makumbusho ya Maji, na wageni huruhusiwa kuvuka. Mwenye kizunguzungu abaki chini.

Daraja la Vasco da Gama, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 17 pamoja na barabara zake za kuingilia, lilikuwa refu kuliko yote Ulaya tangu 1998 hadi Urusi ilipofungua la Crimea mwaka 2018. Unaliona vizuri ukiwa ukingoni. Kulivuka ni kukaa ndani ya gari tu.

Elekea Belém. Keki ndogo za kastadi zinazouzwa pale tangu 1837 zinaokwa kwa fomyula inayojulikana na watu wachache mno. Zile ukiwa mezani, zikiwa moto, zimenyunyiziwa mdalasini. Karibu na hapo kuna monasteri ya Jerónimos, alikozikwa Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498.

Na hapo ndipo msomaji wa pwani yetu anapopaswa kuuliza swali moja: dhahabu iko wapi? Katika safari yake ya pili, mwaka 1502, da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo, ambayo wafanyabiashara wa Kilwa waliipata kupitia Sofala, ilifika Lisbon 1503. Mfalme Manuel akamwagiza sonara Gil Vicente aifanye monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huweka hostia ndani yake ili iabudiwe. Ilikamilika 1506: mitume kumi na wawili wamepiga magoti, kila mmoja na sura yake, na juu yao nguzo nyembamba za dhahabu zinapanda kwa ufundi wa kutisha. Kitakoni imeandikwa waziwazi kwamba ni dhahabu ya kodi ya Kilwa. Kabla haijakamilika, mwaka 1505, meli za Kireno za Francisco de Almeida zilikuwa zimeshaushambulia mji huo na kuupora. Chombo hicho ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, barabara ya Janelas Verdes, na kwa Wareno ni kilele cha usonara wao. Kwangu, hakuna kitu kingine Lisbon kinachoshindana nacho.

Makumbusho za mji huu hufungwa kwa zamu kufanyiwa matengenezo, hivyo hakikisha ile ya Janelas Verdes iko wazi kabla ya kukata tiketi ya ndege. Vaa viatu vya soli ya mpira, kwa sababu vijiwe vyeupe vya barabarani huteleza hata bila mvua. Na ukiwa na siku moja tu, nenda Bertrand asubuhi na Janelas Verdes mchana. Lifti na daraja waachie wengine.